Hela Yenye Mimba

Kama gazeti la wiki iliyopita limeshafungiwa maandazi nyumbani kwako, usihangaike kulitafuta. Hadithi yetu iliishia kwenye sentensi moja tu. Manyanda, mfugaji wa Kisukuma mwenye boma ng'ambo ya mto Kavuu, alitoa mswaki wa mti mdomoni, akamtazama Telesphor, akasema:

"Hela yako ina mimba."

Telesphor akakaa chini. Hakupachagua mahali pa kukaa, na alikuwa amevaa suruali ya kwendea kanisani.

Kumbuka, msomaji, mtu huyu anatafuta nini. Leo ni Jumamosi. Kengele ya kanisa la Majimoto ikilia saa sita mchana, Telesphor anatakiwa awe ameweka laki sita juu ya meza ya mtendaji wa kijiji, mbele ya Enoka aliyemkopesha. Asipoziweka, mashine yake ya kukoboa mpunga inakuwa ya Enoka, maana ndiyo aliyoiweka rehani. Na mashine hiyo si chuma tu. Watoto wa Majimoto hawalijui jina la Telesphor. Wanamwita Mzee Mashine.

Kinachouma zaidi ni kwamba hela anazo. Mwaka jana, baada ya mavuno, alikuwa na laki sita kamili ndani ya kopo la samli, na hakulala usingizi. Benki iko Mpanda, na njia ya Mpanda wakati ule ilikuwa na majambazi. Nyumbani kulikuwa na panya. Ndipo Manyanda alipomweleza jinsi Wasukuma wanavyoweka mali. Mwenye busara, alisema, hafugi ng'ombe wote kwenye zizi moja. Watano anampa rafiki wa kijiji cha Mamba, watatu anampa rafiki wa Usevya, wengine anawapeleka mbali zaidi, na hao marafiki wanakunywa maziwa na kulinda. Ugonjwa ukiingia kwake, haumalizi wote. Mwizi akija, hajui wako wangapi. Hata mjomba akija kuomba, anaoneshwa zizi lenye ng'ombe wawili na mbuzi mgonjwa.

Telesphor alilipenda somo hilo, ila alilielewa nusu. Badala ya kuzigawa hela zake kwa watu wengi, alizichukua zote akampa Manyanda, kwa sababu Manyanda ndiye aliyejua kugawa.

Sasa alikuwa amekaa kwenye samadi.

"Manyanda, nilikupa noti," alisema. "Noti hazishiki mimba."

"Kwako hazishiki. Ulizifungia kwenye kopo, zitashikaje?" Manyanda akanyoosha mswaki kuelekea zizini. "Yule mwekundu mwenye baka ubavuni. Ndiyo hela yako."

"Ni ng'ombe mmoja."

"Mmoja na nusu."

Telesphor alimwambia kwamba kwa laki sita mtu ananunua ng'ombe kumi, tena wa kuchagua. Manyanda alikubali bila kubisha. Alieleza kwamba hakumnunua huyo. Hela alimkopesha mtu, kwa sababu ng'ombe hukaa kwa mtu mwenye majani na hela hukaa kwa mtu mwenye biashara, na yeye alitafuta mtu mwenye biashara. Mtu huyo alitakiwa kuleta ng'ombe kumi wakae rehani mpaka atakapolipa. Alileta mmoja. Tisa alisema wako njiani.

"Wako njiani tangu lini?"

"Tangu kabla Kavuu haijajaa."

Tangu siku hizo Kavuu ilikuwa imejaa, imefurika, imepungua, na asubuhi hii akina mama walikuwa wanachimba visima katikati ya mchanga wake.

"Umempa nani hela zangu?" Telesphor aliuliza polepole.

Manyanda hakuona kwa nini afiche. "Mwenye mashine mwenzako. Enoka."

Telesphor alishika samadi kwa mikono yote miwili.

"Alizihesabia hapa hapa, kwenye kigoda hiki," Manyanda aliendelea. "Lakini zile hela ulizifanya nini? Alipiga chafya mpaka kofia yake ikaangukia kwenye maziwa. Mimi mwenyewe nilitokwa machozi siku nzima. Wake zangu wakadhani nimefiwa."

"Nilizipaka pilipili," Telesphor alisema. "Kwa ajili ya panya."

Macho yake yalikwenda mbali. Alikuwa anakumbuka siku ile mto ulipojaa asiweze kuvuka kuja kwa Manyanda, dizeli imekwisha, kichwa cha injini kimepasuka, na magunia ya watu yamefika mlangoni. Siku hiyo alikwenda kwa Enoka kukopa. Enoka alimhesabia laki sita mezani. Na yeye, Telesphor, alipiga chafya kutoka noti ya kwanza mpaka ya mwisho, akamwambia mke wake jioni kwamba Enoka ni mchafu, hela zake zina vumbi.

Tusimame hapa kidogo, tulione jambo lenyewe. Telesphor alimpa Manyanda. Manyanda akampa Enoka. Enoka akamkopesha Telesphor. Kwa maneno mengine, mzee wetu alikopa hela zake mwenyewe, akazilipia riba ya magunia matano ya mchele, akaweka mashine yake rehani kuhakikisha kwamba hatajidhulumu.

Telesphor aliinuka kwa kasi ambayo haikulingana na umri wake.

"Basi sidaiwi," alisema. "Nimekopa changu. Sidaiwi na mtu."

"Unadaiwa na Enoka," Manyanda alisema. "Enoka namdai mimi. Mimi unanidai wewe. Kila mtu ana wake."

"Ndiyo maana tunakwenda wote. Sasa hivi. Tukae watatu, kila mmoja amsamehe mwenzake, imekwisha."

Manyanda alifikiri. Alisema yuko tayari, lakini hawezi kwenda kumfutia Enoka deni huku ng'ombe wa Enoka anabaki kula majani yake. Hiyo ingekuwa dhuluma. Ng'ombe lazima aende. Na ng'ombe mwenye mimba kubwa haswagwi. Anaombwa.

Wakaondoka saa tatu, Telesphor mbele, ng'ombe katikati, Manyanda nyuma na fimbo begani, fimbo asiyoitumia.

Mfanyabiashara mmoja aliwahi kusema kwamba mali ni hela iliyolala, na kuiamsha kunataka muda. Ningependa angemwona Telesphor asubuhi ile. Mali yake ilikuwa imeamka, inatembea, lakini ilisimama kila penye kichaka. Ilikula. Ilifikiri. Ilitazama nyuma ilikotoka. Telesphor aliivuta kamba, Manyanda akamkataza. Telesphor akaisukuma kwa nyuma, Manyanda akamwambia kwamba kwa Wasukuma mtu anayemsukuma ng'ombe wa rehani analipa faini.

"Faini ya nini?"

"Ya ng'ombe."

Jua likapanda. Walipofika kwenye mchanga wa Kavuu, ng'ombe akaenda pembeni kwenye kivuli, akazunguka mara mbili tatu, akalala. Manyanda akapiga goti, akatazama, akavua shuka lake la begani.

"Kaa kimya," alimwambia Telesphor. "Hela yako inazaa."

Telesphor hakukaa kimya. Alizunguka ule mchanga akiongea peke yake. Akina mama waliokuwa wanachota maji waliacha ndoo zao wakaja kutazama, na mmoja, Mama Pelagia, mkwewe wa mbali, alimuuliza kwa heshima zote kama ni kweli anasubiri uzazi ili akalipe deni. Telesphor alijibu kwamba hayo ni mambo ya mtaji. Mama Pelagia alisema yeye hajasoma, lakini mtaji wa mume wake haujawahi kulazwa chini na kukandwa tumbo.

Ndama alitoka salama, jike, mwekundu kama mama yake. Hapo hapo ugomvi ukaanza. Manyanda alisema ndama ni wake, kwa kuwa mfugaji ndiye aliyechunga mimba. Telesphor alisema ng'ombe ni wa hela yake, na ndama ni riba. Walibishana mpaka Manyanda alipotazama jua na kumkumbusha kwamba mwenye kesi ya saa sita si yeye.

Ndama mchanga hatembei mwendo mrefu, na mama yake haondoki bila yeye. Kwa hiyo watu wa Majimoto, waliokuwa wamejaa barabarani kwa ajili ya mnada, walimwona Mzee Mashine akiingia kijijini ndani ya koti lake la suti, ndama shingoni bado ana unyevu, ng'ombe anamfuata akimlamba mgongo, na nyuma yao Msukuma anayesalimia kila mtu. Habari zilitangulia mbele yao. Zilipofika ofisi ya kijiji zilikuwa zinasema Telesphor amepata wazimu na anataka kulipa kwa nyama.

Ofisini Enoka alikuwa ameketi kwenye kiti pekee chenye mto. Ni mtu mwembamba, mpole wa maneno, anayemwita kila mtu mzee wangu hata akiwa mtoto wa shule. Mezani alikaa Mtendaji Method, kijana makini asiyependa kelele, ambaye kila jambo hutaka lisemwe mara mbili. Nje walisimama wakulima wenye mpunga wao ndani ya mashine ya Telesphor, wanataka kujua kuanzia saa saba watamwamkia nani.

"Karibu, mzee wangu," Enoka alisema. "Naona umekuja na ukoo."

Telesphor alimshusha ndama sakafuni. Kisha, akiwa amesimama wima na mgongo umelowa mate ya ng'ombe, alieleza mzunguko wote, tangu kopo la samli mpaka chafya. Alieleza vizuri. Mtendaji alimwomba aeleze tena, akaeleza tena. Wakulima dirishani walianza kuelezana wenyewe kwa wenyewe, na mmoja alitumia viatu vitatu chini kuonyesha nani ni nani.

Mtendaji alimgeukia Manyanda, akamuuliza kama anakubali kwamba yeye hamdai tena Enoka, na Telesphor hamdai tena yeye. Manyanda alisema anakubali, mradi ng'ombe arudi kwa mwenyewe na ndama abaki kwa aliyemzalisha. Telesphor alimtazama yule ndama aliyembeba kama msalaba kutoka mtoni, akamtazama Manyanda, akasema achukue.

"Mzee Enoka," Mtendaji akasema. "Umebaki wewe. Ukimsamehe Telesphor laki sita zake, Manyanda anakusamehe laki sita zako, na ng'ombe wako unarudishiwa. Hakuna anayetoa hata senti. Unakubali?"

Lilikuwa jambo zuri mno. Huko dirishani mtu alishaanza kupiga makofi.

Enoka alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye kidevu.

"Unakubali?" Mtendaji alirudia, maana ndivyo alivyozoea.

"Mimi sina neno na Telesphor," Enoka alisema. "Ni mzee wangu. Ila nadhani tumechelewa kidogo."

"Kengele haijalia," Telesphor alisema.

"Si kengele. Mashine nimeshaiuza."

Hapa ndipo kengele ilipolia. Ililia yote, na hakuna aliyesogea mpaka ilipokwisha.

"Umeiuza lini?" Mtendaji aliuliza.

"Alhamisi."

"Alhamisi ilikuwa bado yangu," Telesphor alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Nilikuwa na uhakika hulipi, mzee wangu. Muulize mtu yeyote hapa nje. Kijiji kizima kilikuwa na uhakika. Nilifanya biashara kwa kitu cha uhakika." Enoka alifuta kidevu. "Kuna mama mmoja wa Katumba, anaitwa Mediatrice, alikuwa na hela taslimu. Mimi nilikuwa na shida ya hela taslimu. Wewe mwenyewe unajua msimu huu ulivyo, mpunga uko bei ya chini, asiyenunua sasa amekwisha."

"Hela ziko wapi?"

"Nimenunulia mpunga."

"Mpunga uko wapi?"

Enoka alitazama chini. "Kwenye mashine yako. Unasubiri kukobolewa. Yangu haina dizeli."

Mtendaji Method aliomba hilo lisemwe tena. Hakuna aliyemsikiliza.

Ni lazima niseme ukweli hapa, hata kama unachosha. Chumba kile kilikuwa na mali. Kulikuwa na mtu mwenye mashine mbili, moja yake na moja si yake, mwenye mpunga kujaza ghala. Kulikuwa na mfugaji mwenye ng'ombe kila kata ya huku kwetu Mpimbwe. Kulikuwa na Telesphor aliyekuwa anawadai wote wawili. Kijiji kizima kilikuwa tajiri siku ile, na katika ofisi nzima hakuna mtu ambaye angeweza kununua kiberiti. Mfanyabiashara hafi kwa kukosa mali. Hufa siku anayotakiwa kutoa hela, mali yake ikiwa imelala mahali inatafuna.

Telesphor aliuliza jambo moja tu, kama huyo mama ameshaichukua. Enoka alisema hapana, anakuja na lori Jumamosi mchana.

Wote wakageuza kichwa. Upande wa mashineni lori lilikuwa linarudi nyuma, na kijana analielekeza kwa sauti: njoo, njoo, njoo, basi.

Telesphor alikimbia. Watu walisema baadaye kwamba hawakujua mzee yule ana magoti. Alimkuta Mediatrice amesimama mlangoni mwa banda, mama mnene kidogo, mtulivu, amevaa koti la mvua katikati ya kiangazi, na vijana wake wamepiga magoti kuzunguka mashine na spana. Nati tatu zilikuwa zimeshatoka. Alimsikiliza Telesphor mpaka mwisho, kwa adabu, akitikisa kichwa penye ng'ombe na penye chafya.

"Pole sana, mutama," alisema. Kwao ndivyo wanavyomwita mzee. "Lakini miye sijui habari ya ng'ombe. Nimeuziwa mashine mbele ya watu wawili, nikalipa. Kama Enoka amekuibia, mushitaki Enoka. Nikimaliza kufunga kamba nitakuja kutoa ushahidi."

"Mashine ilikuwa bado yangu."

"Ndiyo. Na hela ilikuwa bado yangu. Sasa angalia, wewe huna mashine, miye sina hela. Sote tumepata hasara, ila miye nina lori."

Telesphor alijikuta anatikisa kichwa kukubali, kwa sababu alikuwa anamheshimu mtu anayejua biashara. Wakulima walifika. Enoka alifika, akasimama mbali, akihofia magunia yake. Mtendaji alifika mwisho, akaomba pande zote zisubiri mpaka Jumatatu, na vijana wa Mediatrice wakafungua nati ya nne.

Ndipo walipoinua macho wakaona kuna mtu juu ya mashine.

Alikuwa Specioza, mke wa Telesphor. Alikuwa amekaa kwenye mdomo wa mashine, pale unapomiminwa mpunga, ameshika ungo mapajani, anachagua mchele. Kwa vumbi la pumba na giza la banda hakuna aliyemwona mapema, na yeye hakuona sababu ya kujitangaza. Lazima ujue kwamba Telesphor ndiye mwenye mashine, lakini aliyekuwa akiilisha mpunga, akaisafisha na kuilaani injini ilipogoma, kwa miaka yote hiyo, ni huyu mama.

Mediatrice alimwomba ashuke. Specioza alisema hashuki. Aliombwa na Mtendaji, mara mbili. Telesphor naye alisogea, akamwambia kwa upole, "Mama Nashon, shuka tuyazungumze nyumbani."

"Nyumbani ni wapi?" Specioza aliuliza, mikono haikuacha kuchagua mchele. "Niliuliza zile hela ziko wapi, ukasema zinalindwa. Nikauliza zinalindwa na nani, ukasema mwanamke haelewi mambo ya kutawanya hatari. Sasa imetawanyika, mimi nimekaa kwenye iliyobaki."

Watu walicheka, wakanyamaza walipoona hacheki.

Akaweka ungo pembeni. Akachukua mkanda wa mashine, ule mpana wa mpira unaotoka kwenye injini, akaupitisha kiunoni, akauzungusha kwenye chuma, akaufunga mafundo mawili, mafundo ya mtu anayefunga magunia kila siku.

"Anayeinunua, ananunua na mimi," alisema.

Vijana wa spana walimtazama bosi wao. Mediatrice aliizunguka mashine. Aliukagua mkanda. Alivuta fundo kwa kidole, likakataa. Hakukasirika hata kidogo. Alikuwa na uso wa mtu anayepiga hesabu ya mzigo.

"Amejifunga vizuri," alisema mwishoni. "Hatadondoka. Pakieni."

"Pakieni nini, mama?" kijana mmoja aliuliza.

"Vyote."

Walikuwa vijana saba wenye nguvu. Walipitisha magogo chini, wakahesabu, wakainua. Specioza akainuka pamoja na chuma, juu ya vichwa vya watu wote wa Majimoto, ameshika ungo wake usimwagike. Mtendaji Method alivua kofia bila kujua kwa nini. Telesphor alinyoosha mikono kana kwamba atampokea, lakini mke wake alikuwa anakwenda upande mwingine, juu, mpaka akakaa katikati ya bodi la lori na mashine yake.

Injini ikawaka. Telesphor akashika ubavu wa lori, akaweka mguu mmoja kwenye tairi. Utingo, kijana wa mjini mwenye kitambaa kichwani, akamzuia kwa kiganja.

"Nauli, mzee."

"Huyu ni mke wangu."

"Naye atalipa. Bosi amelipia mashine, mtu hayumo." Akamgeukia Specioza. "Au nyie ni wamoja, mama? Unamlipia na huyu?"

Telesphor alitia mkono mfuko wa koti. Akatia mfuko wa pili. Halafu aliinua uso akamtazama mke wake.

Specioza alikuwa amefungua fundo la pembe ya kanga yake. Ndani yake, kwa mara ya kwanza siku ile mbele ya macho ya Majimoto, kulikuwa na hela. Zilikuwa noti nyingi, zimekunjwa ndogo ndogo, na hakuna aliyejua alizianza lini. Enoka alizitazama kama mtu anayetazama chakula. Specioza alitoa moja, akampa utingo, akapokea chenji, akaihesabu, akafunga fundo.

"Ya mmoja," alisema. "Huyo ni tajiri. Matajiri wana usafiri wao."

Lori liliondoka. Telesphor alilikimbilia mpaka kwenye mti wa mwisho wa mnada, watoto wakikimbia naye, kisha magoti yale yale yaliyowashangaza watu yakakataa. Alisimama akihema, akaona vumbi linafika njia panda, pale ambapo anayekwenda Mpanda na Katumba hukata kushoto.

Lori lilikata kulia.

Enoka alikuwa amefika nyuma yake. Alitazama lile vumbi linavyoelekea upande ambao Mediatrice hana duka, hana ndugu wala hana mpunga, na kwa mara ya kwanza hakumwita mtu mzee wangu.

"Telesphor," alisema. "Mimi aliniambia anaipeleka Katumba."